Kopo moja la nyama lilishe familia nzima



Kipindi hiki cha palizi nikipita kwenu jioni huwa nauliza: leo mnakula nini? Jibu ninalolisikia mara nyingi ni "chai tu, tumechoka." Maharage yapo ndani, lakini yanataka kama saa mbili motoni, na mama ametoka shambani jua linazama. Watoto wanalala na chai na kiporo cha ugali, kesho wanaamkia shule.

Kwa hiyo leo nasema jambo ambalo baadhi yenu mtalipinga: kuweka kopo moja la nyama ya ng'ombe ndani ya nyumba si anasa wala si uvivu. Tatizo ni namna tunavyolitumia.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Nilipopangiwa kituo cha kwanza, bucha la kijiji lilikuwa linachinja mara moja kwa wiki. Mimi kijana, naishi peke yangu, nikawa nanunua makopo. Kopo la gramu 340 nilikuwa nalimaliza peke yangu, kwa mkate, usiku mmoja. Mshahara ukawa haufiki tarehe 20. Siku moja mama mwenye nyumba akaniona, akacheka: "Mwanangu, hiyo si nyama ya kula, hiyo ni nyama ya kuungia." Akachukua kopo moja kama lile langu, kabichi na viazi, tukala watu sita tukashiba.

Yule mama alikuwa sahihi. Nyama hii imeshaiva, imepikwa ndani ya kopo kwa joto kali kuliko la maji yanayochemka. Ina mafuta yake na chumvi yake. Kwa hiyo unaokoa mkaa, mafuta ya kupikia na muda. Unachohitaji ni kitu cha kuijaza sufuria, na hicho unacho shambani.

Jaribu hivi, kopo moja kwa watu sita:

1. Nyama na kabichi. Kaanga kitunguu kwa mafuta ya nyama yenyewe, weka nyanya tatu, karoti, halafu kabichi moja ya wastani iliyokatwa. Kabichi ikilegea, vunjavunja nyama juu, koroga, funika dakika tano. Songa ugali.

2. Nyama na viazi. Chemsha kilo moja na nusu ya viazi mviringo, katakata. Kaanga kitunguu na hoho, weka nyama na viazi, bonyeza kwa mwiko, acha chini kukauke kidogo ndipo ugeuze. Kamulia ndimu. Hapa huhitaji hata ugali.

3. Nyama na maharage. Siku ya mapumziko chemsha maharage uliyoyaloweka usiku. Yaunge kwa nyanya na kitunguu, malizia na nyama. Kula na wali au ndizi za kupika.

Katika yote matatu, usiongeze chumvi kabla ya kuonja. Kila gramu 100 za nyama hii huwa na takriban gramu 2 za chumvi, maana yake kopo zima lina karibu gramu 7. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku. Mimi nilikuwa nakula chumvi ya siku nzima, na zaidi, kwa mlo mmoja! Mkigawana watu sita, kila mmoja anapata gramu moja na kidogo.

Kuna wanaoniambia hiki ni chakula cha wageni. Waulize wazee wa Dar es Salaam kuhusu Tanganyika Packers pale Kawe. Kiwanda kile kilisindika nyama ya ng'ombe wetu kwenye makopo, na eneo lile hadi leo linaitwa kwa jina lake. Kenya nao wana kiwanda cha Kenya Meat Commission, Athi River. Ng'ombe ni wa kwetu, tusiogope kopo.

Ila sitaki mtu auze trei la mayai au debe la maharage ili anunue makopo. Hapo umepata hasara. Nusu kilo ya maharage makavu ina protini zaidi ya gramu 100, kopo zima lina kama gramu 85. Piga hesabu ya bei ya dukani kwako utaona. Pia mwaka 2015 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliiweka nyama ya kusindika kwenye orodha ya vitu vinavyosababisha saratani ya utumbo mpana. Kwa hiyo kopo ni la siku ya uchovu, ya mvua, au ya mgeni wa ghafla. Maharage, mayai na dagaa vibaki kuwa chakula cha kila siku.

Zingatia pia haya:

- Kopo lililovimba, linalovuja, lililoliwa na kutu au lililobonyea kwenye maungio, usinunue. Kama umeshalinunua, usionje na usimpe hata mbwa. Lifukie.
- Ukishafungua, hamishia nyama yote kwenye bakuli safi. Kama huna friji, ipikwe na iishe siku hiyo hiyo. Familia ndogo, changeni na jirani mgawane.
- Kingo za kopo ni wembe. Usiwaachie watoto kufungua, na kopo tupu lisitupwe malishoni, ndama hukatwa miguu.

Ushauri wangu kwa msimu huu ni mdogo. Jumapili chemsha maharage ya siku mbili, kabichi ikatwe asubuhi, na kopo moja likae kabatini likisubiri ile siku ambayo mama hana nguvu kabisa. Siku hiyo baba au kijana mkubwa anaweza kupika, dakika ishirini zinatosha. Watoto wasilale na chai wakati shamba lina mboga.

Mwenye swali anikute ofisi ya kata, au tukutane shambani.