SEHEMU YA 3: KIUNGULIA SI NYWELE ZA MTOTO

Mwakeye mama zangu wa Munanila, na nyie akina baba mnaosoma kwenye simu ya mke.

Leo nagombana na maneno haya: "Vumilia, mtoto ana nywele nyingi." Bibi anasema, wifi anasema, na dada mjamzito anarudi nyumbani kulamba magadi. Mimi nakataa.

Mimba ikikua, homoni zinalegeza ule mlango kati ya umio na tumbo, na mtoto anasukuma tumbo juu. Asidi inapanda. Nywele hazipandishi asidi.

"Lakini nesi, magadi yananituliza." Sawa, yanapoza asidi ya saa ile. Kutulia na kupona ni vitu viwili.

Miaka mingi madaktari waliamini asidi inababua umio kuanzia juu, kama uji wa moto unavyobabua ulimi. Mwaka 2009, Rhonda Souza, Stuart Spechler na wenzao wa Dallas, Marekani, walichapisha utafiti wa maabara. Waliwapasua panya ili asidi na nyongo vipande kwenye umio. Kama imani ya zamani ni sahihi, ngozi ya juu ingechubuka kwanza. Wapi! Siku ya 3 chembe za kinga zilishajikusanya tabaka la chini. Vidonda vya juu vilikuja wiki kadhaa baadaye. Mwaka 2016 wakachapisha habari za wagonjwa 12 walioacha dawa za kupunguza asidi kwa wiki 2: dalili zikaelekea huko huko. Yaani asidi inaamsha kinga ya mwili wenyewe, na kinga hiyo ndiyo inayoshambulia umio.

Umenielewa? Madhara yanaweza kuanzia ndani, huku juu bado kuzima. Sasa hiyo "vumilia" inampima nani?

Sitaki kuwatisha. Kwa wengi kiungulia cha mimba kinaisha mkishajifungua. Kula kidogo kidogo, punguza mafuta, usilale mara tu baada ya kula, inua kichwani. Kikizidi, njoo tukupe dawa inayofaa mjamzito. Usijinunulie dukani, na dawa ya kupoza asidi usiimeze pamoja na vidonge vya damu, itavizuia kufanya kazi.

Na hili msilipuuze: maumivu ya juu ya tumbo, hasa chini ya mbavu za kulia, pamoja na kichwa kuuma sana au macho kuona maluweluwe, yanaweza kuwa dalili ya kifafa cha mimba kinachokuja. Njoo hapo hapo, hata usiku. Chakula kukwama kooni, kutapika damu, choo cheusi kama lami, kukonda: usisubiri pia.

Baba, nauli ya bodaboda usiifanyie kikao.

Bibi zetu nawaheshimu. Wametulea. Ila hapa wamekosea, na anayeumia ni binti yao.

Sehemu ya 4: mtoto anayecheua kila akinyonya.