"Mama, angalia sili": hotuba isiyomkinga mtoto

*Posti ya 1*
Mama zangu wa Mbagala, Tandika, Tegeta, Bunju na kwingine, msimu wa mafua ukianza mnasikia hotuba ileile: nunua dawa duka lililosajiliwa, angalia sili, angalia tarehe ya kuisha. Manesi tunaitoa kila asubuhi kliniki, watoto wakiwa kwenye foleni ya mzani. Siipingi. Lakini kwa dawa za maji za kikohozi hotuba hii inamtwisha mama mzigo usio wake. Sumu ninayoisemea inaingia kiwandani. Ikifika mkononi kwako chupa ina sili, ina lebo, ina tarehe, na mtoto anayecheka kwenye boksi.

*Posti ya 2*
Sumu yenyewe inaitwa dayethilini glaikoli, na ina ndugu yake, ethilini glaikoli. Kazi yake ni ya gereji na viwandani: kulanti, mafuta ya breki. Sasa inafikaje kwenye dawa ya mtoto? Dawa ya maji inahitaji kimiminika cha kuyeyushia, na kinachotakiwa ni glisirini au propilini glaikoli safi, ya kiwango cha dawa. Hiyo ina bei. Sumu ni rahisi, haina rangi, na ni tamu vilevile. Muuzaji mmoja akibadili lebo ya pipa, na kiwanda kisipolipima hilo pipa kabla ya kuchanganya, basi imeisha hiyo.

Kiwango cha juu kinachokubalika ni 0.1 kwa 100. Oktoba 2025 huko India, jimbo la Madhya Pradesh, sirapu ya mafua iitwayo Coldrif ilikutwa na zaidi ya 48 kwa 100. Karibu nusu ya chupa! Watoto zaidi ya 20 walikufa. Gambia mwaka 2022 walizikwa watoto wapatao 70, kwa dawa za kikohozi na mafua zilizotoka India. Nigeria mwaka 2008 ilikuwa dawa ya kuota meno, My Pikin, watoto 84. Januari 2023 WHO walisema nchi tatu tu, Gambia, Indonesia na Uzbekistan, zimepoteza watoto zaidi ya 300, wengi wao chini ya miaka mitano.

Haya, niambieni mama wa Gambia angeona nini kwenye sili.

*Posti ya 3*
Kuna aliyeniandikia inbox, "Sista, hayo ya mbali." Ngoja nikulete jirani.

Aprili 2024 mamlaka ya dawa ya Nigeria, NAFDAC, ilitangaza kwamba imepima Benylin ya watoto, toleo namba 329304, iliyotengenezwa Afrika Kusini na Johnson & Johnson, ikakuta dayethilini glaikoli nyingi. Toleo hilo lilikuwa limesambazwa mpaka Kenya, Rwanda na hapa kwetu Tanzania. Nchi zikaanza kuliondoa sokoni, TMDA nao wakaagiza hivyo. Kampuni ya Kenvue, yenye dawa hiyo sasa, ikasema vipimo vyake havikuona sumu. Na sisemi kuna mtoto wa Dar aliyedhurika.

Ila soma tarehe. Toleo lilitengenezwa Mei 2021. Linaisha muda Aprili 2024. Agizo la kuliondoa limetoka Aprili 2024, mwezi uleule linapoisha! Yaani chupa zimekaa madukani karibu miaka mitatu, mama ameangalia tarehe akaona iko vizuri, kampa mtoto, chupa imeisha, imetupwa jalalani. Tunaondoa nini hapo?

Chanjo ya polio ikija, gari la matangazo linapita mpaka vichochoro vya Charambe, mjumbe anagonga mlango, simu inalia meseji. Dawa ikitiliwa shaka, tunapata barua. Muuza duka la dawa muhimu anayefunga saa nne usiku barua hiyo anaisomea wapi? Kwa Benylin mtaani kwangu gari halikupita.

*Posti ya 4*
Msinielewe vibaya, siwadharau TMDA. Maabara yao inatambuliwa na WHO tangu 2011, na Desemba 2018 mamlaka yetu ilikuwa ya kwanza Afrika kufikia ngazi ya tatu ya WHO ya udhibiti wa dawa. Ndiyo maana nadai. Asiye na uwezo humdai. Nadai kila toleo la dawa ya maji ya mtoto lipimwe sumu hizi mbili kabla halijaingia dukani, gharama ailipe anayeleta mzigo. Na tangazo la kuondoa dawa lipite njia ileile ya chanjo: gari, mjumbe, meseji, redio, Kiswahili cha watu.

*Posti ya 5*
Sasa kubwa zaidi, na hapa wenye maduka mtaninunia. Hizi sirapu za kikohozi kwa mtoto mdogo hazina kazi ya maana. Kikohozi cha mafua kinaisha chenyewe. Mtoto wa chini ya miezi sita, nyonyesha zaidi. Aliyezidi mwaka mmoja, mpe asali kidogo na kinywaji cha uvuguvugu (chini ya mwaka asali HAPANA). Akipumua haraka, kifua kikibonyea ndani, akishindwa kunyonya au akipata degedege, hiyo siyo ya dukani, ni kituo cha afya. Nimonia inatibiwa kwa amoksilini, ambayo ipo ya vidonge vinavyoyeyuka kwenye kijiko cha maji. Havihitaji pipa la mtu.

Mnasema mama ndiye anayeng'ang'ania chupa, asipopewa anaona hajatibiwa. Kweli, wapo. Nani kawazoesha?

Na jamani, nasema kikohozi na mafua tu. Mtoto mwenye dawa ya kifafa, TB au ARV, USIMWACHISHE kwa sababu ya posti yangu.

*Posti ya 6*
Mtoto anayetumia dawa ya maji akianza kutapika, tumbo kuuma, kulegea, halafu pampasi inakaa kavu tangu asubuhi mpaka jioni, usisubiri kesho. Figo hizo. Nenda hospitali na useme sentensi hii: "Mwanangu hakojoi na alikuwa anakunywa dawa hii." Anaweza kuhitaji kusafishwa damu, Muhimbili wanafanya, na kila saa ina maana. Chupa usiitupe, hata kama imebaki tone, nenda nayo na boksi lake, maana namba ya toleo iko hapo.

Manesi wenzangu mnaosoma, mama akija na hiyo chupa msimuulize kwanza kwa nini alinunua dukani. Andikeni namba ya toleo, jazeni fomu ya njano, ipelekeni siku hiyohiyo.