TUTEMBEE: Mlimani Asubuhi, Kwenye Sanamu Alasiri

Kama ilivyo desturi ya ukurasa huu, nawaletea tena habari ya safari ya siku moja, ya kwenda na kurudi, ambayo familia ya hapa St Marys inaweza kuifanya bila kukopa fedha na bila kugombana. Sharti hilo la pili ni gumu kuliko la kwanza, kama mtakavyoona.

Milima ya Blue Mountains tunaiona upande wa magharibi kila siku ya jua, imelala kama ng'ombe aliyeshiba. Wengi wetu tumekaa hapa miaka kumi au ishirini na hatujaikanyaga. Ni aibu kidogo, maana safari mashuhuri ya kuivuka ilianzia upande wetu huu. Tarehe 11 Mei 1813, Gregory Blaxland, William Lawson na William Wentworth walitoka shambani kwa Blaxland kando ya South Creek, kijito hikihiki kinachopita kwetu, wakaenda kutafuta njia ya kuvuka milima. Ndiyo maana treni ikipanda huko mnasikia stesheni zikitajwa Blaxland, Lawson na Wentworth Falls. Tusisahau lakini kwamba wenyeji, Wadharug na Wagundungurra, walikuwa wakipita huko tangu enzi na enzi, wala hawakuhitaji kugunduliwa njia.

Sasa niwape kisa. Mwaka juzi nyumba tatu tulikwenda Katoomba bila mpango. Kila mtu alitaka lake: vijana walitaka kushuka bondeni, akina mama walitaka kupiga picha, wazee walitaka mahali pa kukaa na chai. Tukasema, "Tutafanya yote." Mtaka yote hukosa yote. Vijana walishuka ngazi wakachelewa kupanda, simu hazikupatikana, na ilikuwa mwezi wa Juni ambapo giza huingia saa kumi na moja jioni. Kwa saa nzima na nusu hatukujua watoto wako wapi. Walirudi salama, Mungu ashukuriwe, lakini ndani ya treni hakuna aliyesema na mwenziwe mpaka Penrith.

Basi mwaka jana tulipotaka kwenda tena, tulikutana kwanza sebuleni, tukanywa chai, tukapanga. Hapo ndipo yalipotokea mambo mawili ambayo sikuyategemea.

La kwanza lilitoka kwa Mama mmoja wa Kivu, ambaye wengi wetu tunamwita Mama tu, kwa heshima. Nilipomwambia tutatembea msituni, alinitazama kwa muda, kisha akasema: "Mwanangu, mimi msituni nimetembea siku kumi na moja, mtoto mgongoni, sufuria kichwani. Kwa nini leo nilipe nauli nikarudie?" Chumba kizima kilinyamaza. Sisi wa pwani na wa Nairobi tulikuwa tumesahau kwamba neno "kutembea" halina maana moja kwa watu wote. Kwa wengine ni starehe, kwa wengine ni kukimbia.

La pili lilitoka kwa Mzee mmoja, naye namheshimu sana. Alikuwa amesikia kwamba alasiri tutakwenda Faulconbridge kuona sanamu za Norman Lindsay, na kwamba sanamu zenyewe nyingi ni za wanawake walio uchi. "Siwapeleki wajukuu wangu kutazama uchi," alisema, "hata kama umetengenezwa kwa saruji."

Niwaeleze kidogo huyo Lindsay. Alizaliwa mwaka 1879 huko Creswick, Victoria, akafariki mwaka 1969. Alikuwa mchoraji, mwandishi na mchongaji, na nyumba ya Faulconbridge aliinunua mwaka 1912. Bustanini alijaza sanamu, chemchemi na magudulia makubwa, mengi kwa mikono yake mwenyewe. Nyumba na bustani vilifunguliwa kwa watu wote mwaka 1973 chini ya National Trust. Watoto wa shule wanamjua kwa kitabu chake The Magic Pudding cha mwaka 1918, habari za chakula kinacholiwa kisiishe, jambo ambalo kila mama mwenye wageni angelipenda. Na Mzee wetu hakuwa peke yake kumlaumu. Waaustralia wenyewe walimlaumu sana zama zake, na riwaya yake Redheap ya mwaka 1930 ilipigwa marufuku humu nchini.

Palikuwa na maneno. Kijana mmoja alitaka kumcheka Mzee, akakatazwa. Binti mmoja anayesoma sanaa alisema kwa adabu, "Babu, hata vinyago vya Kimakonde havivai kanga." Mzee akajibu, "Kweli, lakini wale ni ndugu zetu." Tukacheka sote, naye akacheka, ila msimamo wake haukubadilika. Nasi tukaona si haki kumlazimisha. Tukaafikiana hivi: kila mzazi aambiwe mapema kuna nini, aamue juu ya wanawe. Wasiotaka sanamu watakwenda na Mzee kwenye Jackson Park, bustani ya mialoni pale pale Faulconbridge, ambako mawaziri wakuu wa Australia wana miti yao, kuanzia Edmund Barton wa mwaka 1901.

Mpango wenyewe ulikuwa huu, nanyi mwaweza kuufuata.

Asubuhi, saa mbili, wasafiri wa treni walipanda St Marys hadi Penrith, stesheni ya tatu tu, wakabadilisha kuingia treni ya milimani. Treni hiyo ina choo, jambo la maana kwa wenye watoto. Ukifika juu saa bado ni za asubuhi, na miguu ina nguvu. Ndiyo sababu tulitanguliza mlima, tukaacha bustani njiani wakati wa kurudi.

Walishuka Wentworth Falls, wakavuka barabara kuu hadi Wilson Park, wakaingia njia iitwayo Charles Darwin Walk. Darwin mwenyewe alipita hapo Januari 1836. Njia hufuata kijito cha Jamison karibu kilomita mbili na nusu, kwa madaraja ya mbao na ngazi chache, mpaka ukingo wa mlima ambapo maji hutupwa chini bondeni. Haina ukali wa zile njia za kushuka magengeni. Mtoto wa miaka saba aliimaliza kwa sambusa mbili.

Wazee walikwenda kwa magari hadi uwanja wa mapumziko ulio mwisho wa Falls Road, karibu na maporomoko. Pana vyoo, na mandhari ya bonde yako hatua chache. Hapo ndipo pa kukutania. Waendao kwa miguu wanatokea kule kule waliko wazee na chai. Hakuna anayeachwa peke yake kwenye benchi, na hakuna anayevutwa mkono asikotaka kwenda.

Mama alikubali kuja kwa masharti kwamba hatashuka garini. Tukasema sawa. Lakini watoto walipotokea njiani wakipiga kelele na kucheka, alifungua mlango akasimama. Akasema polepole, kama anayesema peke yake: "Mimi nilizoea kuwaona watoto wakitoka msituni wakilia." Kisha akamwita mjukuu wake wa miaka kumi na minne, akamwambia amshike mkono amwonyeshe hiyo njia walikotoka. Hawakwenda mbali. Walikaa huko nusu saa. Aliyosimuliwa kijana ni yao wawili, nami sitayaandika. Nitasema tu kwamba siku zote kijana huyo alikuwa hajui kwa nini bibi yake hapendi bustani zenye miti mingi, na sasa anajua.

Baada ya chakula na sala ya adhuhuri tukateremka Faulconbridge. Wa treni waelewe kwamba kutoka stesheni hadi kwa Lindsay si jirani, kwa hiyo magari yetu yalifanya safari mbili. Mzee alichukua wajukuu zake wanne kwenye mialoni, wakahesabu miti na kusoma majina, na hata leo watoto hao wanawashinda wenzao kwa mawaziri wakuu.

Kwenye sanamu, Mama alizunguka taratibu. Mbele ya mwanamke mmoja wa saruji alisimama akasema, "Huyu baridi yote hii, hana hata kitenge?" Halafu akatueleza kwamba kwao, Walega, wazee wa bwami walikuwa na vinyago vidogo vya mti na vya pembe za ndovu, na kila kimoja kilikuwa na methali yake. Mtu hakuonyeshwa kinyago tu, alifundishwa neno lake. Binti yetu wa sanaa akatoa daftari akaanza kuandika. Mtangazaji gani wa makumbusho angetupa hayo?

Sasa maonyo machache. Kwanza, siku moja kabla ya safari tazameni taarifa za National Parks, maana njia hufungwa baada ya mvua nyingi au wakati wa hatari ya moto. Msidharau. Aprili 2022 mawe yaliporomoka kwenye njia ya Wentworth Pass, chini ya hapo hapo tulipokuwa, yakaua watu wawili wa familia moja ya wageni. Njia ikifungwa, imefungwa.

Pili, ulizeni pia siku na saa za kufunguliwa kwa bustani ya Lindsay kabla ya kutoka nyumbani. Tatu, vaeni raba, si ndala, na kila mtu abebe maji na sweta. Wentworth Falls iko zaidi ya mita 850 juu ya bahari, na jua la St Marys halipandi nanyi. Nne, siku za marufuku ya moto mkaa na mishikaki vibaki nyumbani, chapati na maharage vinatosha. Tano, teueni mtu mmoja wa kuhesabu vichwa, na saa ya kugeuka iwekwe kabla hamjaondoka. Namba ya msaada ni 000.

La mwisho ndilo kubwa. Kabla ya kuuliza "Twende wapi?" ulizeni kwanza "Nani anaogopa nini?" Sisi tulidhani tunapanga treni na chapati, kumbe tulikuwa tunapanga namna ya watu kukaa pamoja bila mmoja kumeza la moyoni mwake. Kikao kile cha sebuleni kilitugharimu birika mbili za chai. Safari ya mwaka juzi ilitugharimu zaidi.

Mama ameshauliza tunakwenda lini tena. Anasema safari hii anataka kufika mpaka darajani.

Panapo majaliwa tuonane ukurasa huu mwakani. Wasalaam.