Ubalozi wetu ubaki Tel Aviv

Nimekuwa kimya wiki nzima kwa sababu ya testi, na leo nilipanga kulalamika kuhusu Meru, manake siku tatu umejifunika mawingu na nguo zangu hazikauki. Lakini jana usiku hosteli kulizuka mjadala na nimeamka bado nina hasira, kwa hiyo nguo zisubiri.

Jamaa mmoja wa mwaka wa pili alisema Tanzania ihamishe ubalozi wake kutoka Tel Aviv uende Yerusalemu, kama Marekani walivyofanya tarehe 14 Mei 2018. Eti tutabarikiwa. Nusu ya chumba ikaitikia amina. Mimi nikasema hapana, nikaitwa mpinga Kristo. Na mimi ni mwanakwaya, jamani!

Ngoja niseme hapa, kule sikupewa nafasi. Ubalozi si kanisa. Ukiuweka mahali umeshatoa hukumu kwamba pale ni pa nani, na kesi ya Yerusalemu haijaisha. Israeli inasema mji wote ni makao makuu yake. Wapalestina wanataka upande wa mashariki, uliotekwa mwaka 1967, uwe makao makuu yao. Azimio namba 478 la Baraza la Usalama la mwaka 1980 liliziambia nchi ziondoe balozi zake mjini humo. Sisi wenyewe tuliitambua Palestina mwaka 1988, na Desemba 2017 tulikuwa kati ya nchi 128 zilizoupinga uamuzi wa Trump kule Umoja wa Mataifa. Leo tugeuke kwa sababu ya amina za hosteli?

Sisemi tugombane na Israeli. Mwalimu alivunja uhusiano nao mwaka 1973, ukarudi 1995, na Mei 2018 waziri Mahiga akafungua ubalozi wetu Tel Aviv, siku chache tu kabla Wamarekani hawajahamia Yerusalemu. Siku waliyohamia, Wapalestina zaidi ya 50 waliuawa mpakani Gaza. Hiyo ndiyo sherehe mnayotaka tuchelewe kuihudhuria?

Halafu kuna jambo ambalo jana hakuna aliyetaka kulisikia. Vijana wawili wa Kitanzania, wenzetu kabisa, walikuwa kule kwa mafunzo ya kilimo, wakauawa katika shambulio la Hamas la tarehe 7 Oktoba 2023. Mwili wa mmoja wao ulibaki Gaza mpaka Novemba 2025. Miaka miwili mzazi anasubiri azike! Nchi yenye mtoto wake mikononi mwa upande mmoja inahitaji kuweza kugonga kila mlango. Ukishauhamishia ubalozi wako upande mwingine, utagonga wapi?

Na mkiniambia balozi zina ulinzi, nitawapeleka Laibon Road, Dar. Jengo la ubalozi wa Marekani lililolipuliwa tarehe 7 Agosti 1998 awali lilikuwa la ubalozi wa Israeli. Walikufa watu 11, wakiwemo walinzi wa getini, na hakuna Mmarekani hata mmoja. Nairobi siku hiyo hiyo walikufa 213, Wamarekani 12. Yaani ugomvi wa wakubwa, misiba Mbagala na Kayole. Walioamua sera za Washington walikuwa Washington.

Jamaa akanijibu kwamba Mungu atatulinda. Sawa, lakini mlinzi wa getini naye alikuwa na Mungu wake.

Kinachonishangaza zaidi, hapa kwetu serikali imehamia Dodoma, mji usiogombaniwa na mtu yeyote, na bado mabalozi wanapenda upepo wa Dar. Tumeshindwa kuwatoa Masaki, sisi ndio tukaamue mambo ya Yerusalemu?

Haya, naishia hapa. Huyo aliyeniita mpinga Kristo ana chaja yangu tangu juzi, naenda kumgongea kabla umeme haujakatika.