Bakuli Langu Lililosubiri Liuli

Mwezi huu nawapeleka mbali kidogo, Liuli, kwenye ufukwe wa Ziwa Nyasa. Huko ndiko nilikopata jibu la ugomvi ulioanzia bafuni kwangu.

Ndiyo, bafuni. Mnaonisoma mnanijua kama mhariri. Msichojua ni kwamba jioni niko kwenye kwaya, Jumamosi napiga picha za harusi, Jumapili natengeneza batiki, na kwenye droo nina hadithi ya watoto niliyoianza nikiwa na mimba ya mtoto ambaye sasa yuko darasa la pili. Jumapili moja usiku ndoo ya rangi ikamwagikia sare za shule nilizokuwa nimeloweka. Asubuhi shati jeupe limekuwa zambarau, na gari la shule linapiga honi nje. Mwenzangu hakufoka. Alimvalisha mtoto shati la zamani, akamsindikiza getini, akarudi na kuniambia taratibu: "Humu ndani kila kitu kimeanza, hakuna kilichokwisha. Wakati mwingine naona hata mimi uliniacha katikati."

Jamani, bora angefoka.

Julai hiyo tulikuwa na safari ya kwao. Toka Songea unapita Mbinga, unashuka milima ya Umatengo mpaka Mbamba Bay, halafu unafuata ziwa kuelekea kaskazini. Njia nzima tuliongea habari za mafuta ya gari na mtoto kutapika. Ile ishu nyingine hakuna aliyeigusa.

Kumbe baba yake mdogo, ambaye ni seremala, alikuwa ameita mafundi wenzake. Mwembe wa nyuma ya nyumba ulikuwa umeanguka wakati wa mvua, naye hakutaka uishie kuwa kuni. Walikuja mafundi kumi na mmoja, wengine kutoka Mbinga, wengine wamepanda boti, kila mmoja na patasi zake zimefungwa kwenye khanga ya mkewe. Kwa siku tatu jenereta ilinguruma, maranda yakajaa uani mpaka kuku wakatagia humo, na akina mama wakapika ugali wa muhogo kwa mbasa.

Kazi yenyewe inaitwa kukereza. Usicheke, ni Kiswahili safi, na mashine yake kwenye kamusi utaikuta inaitwa keezo. Ile miguu ya vitanda vya Unguja na Lamu, yenye mabonde na vilima, ni kazi ya mkereza. Tofauti na mchonga vinyago, ambaye mti umetulia na mkono ndio unaozunguka, kwenye keezo mti ndio unaozunguka, wewe unaegemeza patasi tu na kusogeza taratibu. Mafundi wa zamani wa pwani waliuzungusha mti kwa kamba. Wa Liuli walikuwa na mota.

Mimi na mambo mapya si mnanijua! Siku ya pili nikaomba kujaribu. Baba mdogo akanifungia pande la mwembe, nikawasha, nikataka mwendo mkali kama nilivyowaona wenyewe. Meza nzima ikatetemeka, patasi ikanirudia, nusura niitupe. Akazima mashine.

"Mwanangu, kipande chako hakijakaa katikati. Kikiwa hivyo, ukiongeza mwendo ndiyo kinazidi kutikisika. Anza polepole, ondoa pembe kwanza. Kikishakuwa duara ndiyo ukimbie."

Nilimsikia mwenzangu anacheka pembeni. Kicheko cha kwanza baada ya wiki tatu.

Jioni nilikuwa na bakuli nene, zito, baya. Nikachukua msasa nilimalize, baba mdogo akaninyang'anya. Mti mbichi, alinieleza, haumalizwi siku hiyo. Unauchonga umbo tu na kuuacha mnene, kama sehemu moja ya kumi ya upana wake, unaandika tarehe chini kwa penseli na kuuweka kivulini miezi kadhaa. Ukikauka utapinda, utakuwa yai. Ndiyo maana unene ule umeachwa, ili ukiurudisha kwenye mashine upate pa kunyoosha. Ukiukereza mwembamba leo, kesho hautakuwa na nyama ya kunyooshea.

Nikamuuliza, "Baba, wewe unavua, una shamba la muhogo, unaimba kanisani, na hii mashine. Mbona huchanganyikiwi?"

Akaonyesha ziwani. Mwera ulikuwa unavuma, mawimbi meupe mpaka mbali. "Leo nani anavua? Mwera ukivuma nakereza. Ukitulia, mashine naifunika turubai. Na mama yako anajua. Akiona turubai, anajua samaki wanakuja."

Hiyo sentensi ya mwisho ndiyo iliyonichoma. Mama anajua. Mwenzangu mimi alikuwa anajua nini?

Jioni ile tulitembea wawili tu ufukweni. Liuli ndiyo ile Wajerumani waliyoiita Sphinxhafen, kwa sababu ya mwamba wake unaofanana na sanamu ya Misri. Mwenzangu alikulia na kisa chake, akanisimulia. Agosti 1914 meli ya Waingereza, Guendolen, ilikuja hapa na kuipiga mizinga meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, ikiwa imevutwa nchi kavu kwa matengenezo. Manahodha wawili hao walikuwa marafiki wa kunywa pamoja. Yule Mjerumani alikuwa hajapata habari kwamba vita imeanza, akadhani mwenzake amelewa.

Tukacheka. Halafu akanyamaza, akasema: "Ndivyo ninavyojisikia mimi. Nasikia mizinga tu. Sijui vita ilitangazwa lini."

Nina shahada ya mawasiliano, wapenzi wasomaji. Wateja wa picha wanajua ratiba yangu, mwalimu wa kwaya anaijua, hata muuza rangi anaijua. Mume wangu alikuwa anaigundua kwa kukuta ndoo bafuni.

Tulikaa pale mpaka giza likaingia. Sikumwahidi kuacha kila kitu, na yeye hakuomba hivyo. Alichotaka ni kujua kipi kiko kwenye mashine na kipi kiko kivulini, na kila kimoja mpaka lini. Basi sasa kwenye mlango wa friji kuna karatasi. Kila baada ya miezi mitatu tunakaa na chai, naandika kazi moja tu ya pembeni inayozunguka. Zilizobaki zina tarehe ya kurudiwa. Na Jumapili mchana hauandikwi chochote, huo ni wetu.

Sio kwamba kila kitu kilipona. Mwaka uliofuata tulirudi Liuli nikachukue bakuli langu. Baba mdogo alikuwa ameniwekea mawili, hilo langu na jingine alilolianza yeye. Lake lilikuwa limepasuka katikati. Hakulihuzunikia hata dakika, alilisukuma chini ya sufuria ya maharage likawaka. Mwezi ule ule nilimpa binti wa jirani sufuria za nta na rangi zangu zote za batiki. Niliumia, nisiwadanganye. Lakini ufa niliuona tangu siku ya shati la zambarau.

Langu lilikuwa limepinda, yai kabisa kama alivyosema. Tukalirudisha kwenye mashine, safari hii polepole, pembe kwanza. Mwenzangu ndiye aliyepaka nta ya nyuki. Liko mezani kwetu, tunaweka funguo na vitunguu. Hadithi ya watoto nayo imebakiza sura mbili, na tarehe yake iko kwenye friji.

Swali langu kwenu wanandoa na wachumba wenye vipaji vitatu na kazi mbili: mwenzio anajua leo kipi kiko kwenye mashine? Kama huna uhakika, usimtumie meseji. Muulize leo, uso kwa uso. Halafu niandikieni mmejibiwa nini.

Tukutane mwezi ujao.