Miguu tunayo, maji je?

Wasee, nimemaliza triathloni yangu ya kwanza ndefu: kuogelea kilomita 1.9, baiskeli 90, kukimbia 21.1. Kila mtu anauliza kuhusu pancha mbili na misuli kukaza. Hayo madogo. Shida ilikuwa maji.

Miguu Taita Taveta tunayo. Panda na baiskeli Mwatate hadi Wundanyi uone kama hutaita mama. Lakini mtoto wa Voi ajifunzie wapi kuogelea? Ziwa Jipe lina mamba na viboko. Bwawa la hoteli ni la kulipia, tena fupi, ukipiga mikono kidogo ushafika ukutani. Mimi nilipanda matatu hadi Mombasa, kama kilomita 160, kwa saa moja ya mazoezi.

Nilitoka baharini karibu wa mwisho, na sioni aibu. Kaunti ituchimbie bwawa moja tu la umma, hata la mita 25.