Mashauri ya Nyumbani: Moyo Ukichoka Chuoni



Mwezi huu twataka kulijibu swali ambalo wazazi wa hapa Bilele, na wa vijiji vya Muleba pia, huuliza kwa sauti ya chini baada ya ibada, watu wengine wakiisha kuondoka. Swali lenyewe ndilo hili: mtoto aliyekwenda chuoni kwa furaha, akasindikizwa na ukoo mzima, sasa asema kwamba hana raha huko, tena hataki kurudi. Afanyeje? Nasi tufanyeje?

Neno hili si dogo. Katika nyumba nyingi za huku ada ya chuo hutoka katika kahawa, na penye kahawa chache hutoka katika kipande cha kibanja kilichouzwa. Na kibanja ndipo walipozikwa wazee. Kwa hiyo kijana aingiwapo na huzuni huko Mwanza au Dodoma au Dar es Salaam, haoni huzuni yake peke yake. Aona na macho ya baba yake, na ya shangazi zake, na ya washarika waliomwombea kanisani siku ile ya kuondoka.

Wako ambao kwa kuyaogopa macho hayo hunyamaza. Huacha kuingia darasani, hukaa mjini katika chumba cha kupanga, na nyumbani husema kwamba masomo yaendelea vema. Baba huzidi kutuma fedha. Mwaka wa mahafali ukifika, mama ameshona nguo mpya na majirani wamekwisha alikwa, ndipo jambo hujulikana. Msiba wa namna hiyo hautokani na kuacha chuo. Watokana na kunyamaza.

Basi shauri letu ni hili: anayetaka kutoka chuoni na atoke kwa mlango, asitoke kwa dirisha. Na kabla hajaushika mlango, ajue kwanza ni kitu gani kinachomtoa.

Katika kitabu cha kwanza cha Wafalme twasoma habari za nabii Eliya, jinsi alivyokimbia hata jangwani, akaketi chini ya mretemu, akajiombea kufa. Angalieni alivyotendewa. Mungu hakuanza kwa kumkemea. Malaika alimpa mkate na maji, naye akalala tena. Akaamshwa mara ya pili, akala. Ndipo alipokwenda mwendo wa siku arobaini mpaka Horebu, na huko ndiko alikoulizwa anafanya nini mahali pale. Chakula kilitangulia, na usingizi, na safari. Swali likaja nyuma. Mtu mwenye njaa na asiyelala hawezi kuamua neno kubwa la maisha yake.

Kwa hiyo kijana, jipime kwa utaratibu uo huo. Anza na mwili. Je, wala? Walala? Fedha ya kujikimu ikichelewa, wanafunzi wengi hushinda na chai, na tumbo tupu huipaka dunia nzima masizi. Kama una homa, nenda ukapimwe. Na kama huzuni imekaa juma baada ya juma, hata huoni tamu wala chungu, au wafikiri kwamba ni heri kufa, huo ni ugonjwa, nao una jina, ni sonona. Usingoje hata kesho. Mwambie mtu aliye karibu nawe, akupeleke hospitali leo hii. Kuugua roho si upungufu wa imani, kama vile kuvunjika mguu si upungufu wa imani. Eliya alikuwa nabii, naye alitaka kufa.

Ukiisha kuuangalia mwili, uangalie upweke. Mtu aliyelelewa katika nyumba yenye watu kumi, akala ndizi kutoka sinia moja na ndugu zake, atawezaje kutoona baridi katika chumba cha wageni, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka kwao? Huzuni ya namna hii huja kwa nguvu katika muhula wa kwanza, hasa mwezi wa Novemba, wenzake nyumbani wakikamata senene na yeye hayupo. Mara nyingi hupungua yenyewe. Hapa dawa si kurudi nyumbani. Dawa ni kutafuta wenzi: kwaya, ushirika wa wanafunzi Wakristo, mtu mmoja wa kwenda naye kula. Mpe muhula mmoja mzima kabla ya kukata shauri.

Tena yaangalie masomo yenyewe. Wako waliopelekwa katika kozi wasiyoitaka, kwa sababu alama zao ziliruhusu hiyo tu, au kwa sababu baba alitaka kuitwa baba wa daktari. Jiulize: je, nalichukia somo, au nalichukia kwa kuwa nimeshindwa mtihani mmoja? Aliyeshindwa aende kwa mwalimu akaombe kusaidiwa kabla hajafikia kile wanafunzi wakiitacho kudisko. Lakini aliyejaribu kwa bidii mwaka mzima, na moyo wake wote uko katika kazi nyingine, huyo ana neno la kweli, nasi yatupasa kumsikiliza.

Mwisho liko neno la ubaya na la dhamiri. Binti akiombwa na mwalimu mwili wake ili apewe alama, asidhani kwamba shida ni yake, wala asiondoke kimya kana kwamba yeye ndiye mkosaji. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 yalihesabu jambo hilo kuwa kosa la jinai, na TAKUKURU hupokea mashtaka yake. Aliyetendewa hivyo akihama, ahame kwa usalama wake, si kwa aibu.

Juu ya dhamiri, twakumbuka habari iliyotokea kwa jirani zetu wa Uganda. Mwaka 1941, katika chuo cha thiolojia cha Askofu Tucker huko Mukono, wanafunzi 26 walifukuzwa pamoja. Walikuwa watu wa Uamsho, ambao Waganda waliwaita Balokole, maana yake waliookolewa. Uamsho ule ulitoka Gahini katika Rwanda, ukaenea Uganda, ukafika hata kwetu Buhaya. Wanafunzi wale hawakuwa na raha chuoni, kwa maana waliona kwamba penye kufundishwa wachungaji pameingia ubaridi na dhambi. Wakawa wakiamka kabla ya mapambazuko ili kuomba pamoja, na kuwahubiri wenzao. Mkuu wa chuo akawakataza. Wao wakaona kwamba hawawezi kutii amri ile, wakafukuzwa.

Hatuleti habari hii ili kuhukumu nani alikuwa na haki yote. Chuo hakiwezi kukaa pasipo taratibu, na dhamiri ya mtu nayo haiwezi kuuzwa. Twaileta kwa sababu tatu. Ya kwanza, watu wale walijua wazi ni neno gani wasiloweza kulikubali, wakalisema mbele ya wakubwa wao mchana kweupe. Ya pili, walikubali kulipa gharama yake, nayo ilikuwa kubwa. Ya tatu, walipofukuzwa chuoni hawakuliacha Kanisa. William Nagenda, aliyekuwa kiongozi wao, hakupata daraja ya uchungaji. Hata hivyo alihubiri Injili katika Afrika Mashariki, na Ulaya, na Amerika. Mlango wa chuo ulifungwa, wito haukufungwa. Chuo nacho kiliendelea na kazi yake, na mwaka 1997 kikawa Chuo Kikuu cha Kikristo cha Uganda.

Lakini angalia, kijana, usijiite mtu wa Mukono kwa sababu maharage ya bwalo yana wadudu. Neno la dhamiri ni moja, na neno la usumbufu ni jingine. La kwanza lamtaka mtu asimame hata akipoteza. La pili lamtaka avumilie, au aombe litengenezwe.

Sasa, ukiisha kujipima, ukaona kwamba yafaa kuondoka, mlango wenyewe uko hivi. Nenda kwa mshauri wa wanafunzi, ukamweleze habari yako yote. Omba kujua taratibu za kubadili kozi. Chuo huzipa muda wake, na aliyechelewa hukuta muda umekwisha. Kama ni kuhamia chuo kingine, taratibu zake husimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu, na masomo uliyofaulu huenda yakahesabiwa huko uendako. Kama wahitaji kupumzika au kutibiwa, omba kuahirisha masomo kwa barua, nawe upewe jibu kwa barua. Aliyeahirisha ana mahali pa kurudi, aliyetoroka hana. Na kama wasoma kwa fedha ya Bodi ya Mikopo, mwone afisa mikopo kabla hujafunga sanduku, maana mkopo ni deni hata kwa yule asiyemaliza masomo.

Kuhama si aibu. Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 lilipoharibu majengo ya Ihungo na Nyakato, wanafunzi iliwapasa kuyaacha madarasa yao na kuendelea na masomo mahali pengine. Hakuna aliyewacheka. Nyumba ikipasuka, wenyeji hutoka. Na nyufa za moyo nazo ni nyufa, ijapokuwa jirani hazioni.

Nanyi wazazi, neno lenu ni fupi. Mtoto akipiga simu na kusema amechoka, msianze kwa kuhesabu magunia ya kahawa. Gharama aijua, ndiyo iliyomnyamazisha muda wote huo. Mwulizeni kama amekula. Mwulizeni kama alala. Kisha mwambieni aseme yote, nanyi msikate maneno yake. Mkihitaji kumwambia arudi darasani, mwambieni baada ya kumsikia, si kabla. Na kama kibanja kimekwisha uzwa, hakitarudi kwa kumlazimisha mtoto. Lakini mtoto aliyepotea kwa hofu ya baba yake ni hasara isiyo na bei.

Baba yule wa mwana mpotevu alimwona mwanawe angali mbali, kwa maana alikuwa akiitazama njia. Kijana wako asiwe na sababu ya kukaa mjini akijificha; na ajue, kabla hajapanda basi au meli ya kurudi, kwamba nyumbani kuna mtu anayeitazama njia.

Mungu awape hekima na subira, ninyi na watoto wenu. Amina.